Herufi za Mlazo kwa Elide

1 Septemba 1956, Jumamosi

Elide ameniambia anaolewa. Alisema hivyo mezani, akinipakulia supu ya maharagwe, kwa sauti ileile anayonipa nayo habari kwamba sabuni imekwisha. "Gildo, Ottavio Buso amenichumbia. Nimekubali. Tutafunga ndoa Novemba, mavuno yakishaisha." Nikamwambia anisogezee chumvi. Akanisogezea. Tukala.

Dada yangu ana miaka hamsini na minne. Mimi nina hamsini na tisa. Tangu mama afariki, mwaka wa ishirini na sita, tunaishi wawili juu ya duka la chapa alilotuachia baba. Mimi napanga herufi na kuendesha mashine. Yeye anasoma prufu, zile chapa za kwanza za kutafutia makosa, na kila Jumamosi anazirudisha herufi zilizotumika kwenye makasha, moja moja, kila moja kitunduni mwake. Sijawahi kufikiri kwamba mpango huu una mwisho.

Na huyo Buso! Mgane wa miaka sitini, mkulima wa zabibu kule kilimani, mikono ya buluu mpaka viwikoni kwa dawa ya mizabibu. Juzi alipita dukani, akaegemea mlango, akavuta pumzi, akasema, "Humu mnanuka kama bunduki." Akaondoka. Kumbe hiyo ndiyo posa.

3 Septemba

Joto. Menyu za hoteli ya stesheni, mia mbili.

6 Septemba

Leo ameniomba kadi za mwaliko. Arobaini tu. "Lakini kwa Fiordalisa," akasema.

Fiordalisa ni herufi zetu za mlazo. Baba alizinunua Turino mwaka wa ishirini na moja, na waliozisubu walishaacha kuzisubu zamani. Zinainama mbele kidogo tu, kama mtu anayekukimbilia na habari njema. Herufi kubwa zina mikia mirefu inayojikunja bila maringo, na f inachungulia kwa kichwa juu ya jirani yake. Kwa hizo tumepiga chapa harusi zote za bonde hili, kadi za komunyo ya kwanza, lebo za mvinyo wa wenye majina makubwa, na orodha ya vyakula siku askofu alipokuja. Baba alikuwa na sheria zake: usiandike neno zima kwa herufi kubwa za mlazo, mikia itagombana, ziachie nafasi ya kupumua, na kwenye msiba usiziguse.

Nikamwambia haiwezekani. "E kubwa zimevunjika."

"Zimevunjika lini?"

"Kitambo."

"Jumamosi nimezirudisha kwa mkono wangu, Gildo. Zilikuwa tisa."

"Basi zilivunjika Jumatatu."

Akanitazama kama anavyotazama prufu yenye kosa asilolipata bado. "Haya, kaka. Nipangie kwa utakazoona zinafaa."

Fiordalisa ni ya mabinti wa miaka ishirini, nilijiambia. Lakini humu daftarini hakuna asomaye ila mimi, basi niseme kweli: nilikuwa nikidhani kwamba harusi nisiyoipiga chapa haitakuwepo.

9 Septemba

Mvua. Norma wa mkahawa ameniuliza kama ni kweli. Nikamjibu amuulize bibi harusi.

12 Septemba

Nimezipanga kadi za Elide kwa zile herufi nene zilizosimama wima, tunazotumia kwenye matangazo ya vifo yanayobandikwa ukutani mwa kanisa. Majina yote mawili kwa herufi kubwa. Nilipiga chapa zote arobaini bila prufu, wino ukiwa mwingi, nikaziweka mezani pake.

Akavaa miwani. Akasoma ya juu, akaigeuza, akaiangalia nyuma, akaigeuza tena.

"Nani amekufa?" akauliza.

Akazihesabu, akazifunga kwa uzi, akazitia kwenye mfuko wa aproni yake na kupanda juu kupika. Mkate aliukata vipande vyembamba kama kawaida, changu akakikata upande wenye ganda gumu, kama nipendavyo. Afadhali angenitupia.

15 Septemba

Mvua.

16 Septemba

Mvua. Zabibu zinataka jua wiki hii kuliko mtu anavyotaka chakula. Kanisani wakulima wote walikuwa wanatazama madirisha badala ya padri. Buso alikaa safu tatu mbele yetu, amenyoa, shingo nyekundu. Elide aliimba zaburi kwa sauti ya chini kama siku zote.

18 Septemba

Jua limetoka. Elide amekwenda kilimani kuchuma. Nimekula ugali baridi wa jana.

19 Septemba

Ugali baridi wa juzi.

20 Septemba

Leo nilifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo sijafanya tangu vita, nikapanda kilimani. Nilijiambia nampelekea Elide shali yake. Lilikuwa jua kali. Hata mbuzi hakuhitaji shali.

Nilimsikia kabla ya kumwona. Kulikuwa na mwanamke anaimba kati ya mistari ya mizabibu, sauti pana, wimbo wa wachumaji wenye maneno ambayo dada wa mtu hapaswi kuyajua. Nikatafuta ni nani. Alikuwa juu ya ngazi, kitambaa kimemteleza kichwani, mkasi mkononi, na chini yake Buso ameshika ngazi huku akiitikia kibwagizo vibaya kabisa. Alikuwa akicheka, Elide. Kichwa nyuma, mdomo wazi, mapengo ya meno ya pembeni yakionekana na yeye hajali.

Miaka thelathini tumekaa nyumba moja. Nilidhani dada yangu ana sauti ndogo.

Buso akaniona. "Gildo! Umekuja kuomboleza au kuchuma?"

"Nimeleta shali."

"Shali iweke mtini. Shika mkasi." Akanipa kikapu, akanipanga kwenye mstari wake. "Kata juu ya kifundo. Usiivute, haijakukosea."

Nimechuma kwa muda wa saa tatu. Alikuwa akinipita kila mara na kurudi kuniondolea majani mbele, bila kusema neno, kama mtu anavyompunguzia mzigo mgonjwa asijue. Nilikasirika. Kisha nikachoka kukasirika, maana mgongo ulikuwa ukiuma zaidi.

Tulishuka pamoja mimi na Elide jioni, jua bado halijazama. Kwenye daraja nikajikuta nasema, "Sikujua unaimba hivyo."

"Hukuuliza."

Tukatembea kidogo. Nikaanza, "Elide, kuna jambo la mwaka wa thelathini na moja..."

"La yule mwalimu wa Feltre," akanikata. "Aliyekuja dukani kukuuliza kama anaweza kuniandikia barua. Ukamwambia dada yako hana nia ya kuolewa."

Miguu ilisimama yenyewe. "Ulijua?"

"Mji huu, Gildo? Nilijua kabla hajafika stesheni."

"Na hukusema kitu."

"Nilimsamehe yule kijana wa miaka thelathini na minne. Alikuwa ameogopa kubaki peke yake na mashine." Akaivuta shali mabegani, ingawa hakukuwa na baridi. "Huyu wa hamsini na tisa ndiye ninayechoka kumsamehe."

Akatangulia. Sikumfikia mpaka nyumbani.

21 Septemba

Sikufanya kazi ya maana.

27 Septemba

Mvua ya mawe. Ilianza saa nane mchana, mbingu ikiwa ya kijani kama chupa, ikadumu muda wa kusali rozari nusu. Mawe makubwa kama kokwa za jozi yalipasua kioo cha duka. Padri alipiga kengele kulifukuza wingu, lakini wingu halikusikia. Lilipopita, ukawa ukimya ambao sijawahi kuusikia mjini: watu wote wamesimama milangoni wakitazama kilimani na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Elide alivaa viatu vyangu vya shambani na kuondoka. Nikamwita. Hakugeuka.

28 Septemba

Amerudi asubuhi kubadili nguo. Buso amepoteza zaidi ya nusu ya zabibu zilizobaki, na matawi ya mwakani nayo yamechubuka.

"Amesema tuahirishe," Elide akaniambia, akiwa amekaa ngazini na matope hadi magotini. "Anasema hanioi ili nije kula njaa kwake."

Naona aibu kuandika kwamba moyo wangu uliruka. Uliruka. Kisha nikamtazama. Mikono yake ilikuwa imekwaruzwa na mizabibu, na kwenye kucha, pembeni, ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia harusi iko palepale, na kama anataka mke asiyekula aoe sanamu ya Bikira kanisani." Akavua kiatu kimoja, akamwaga maji. "Usifurahi, Gildo. Nakuona."

2 Oktoba

Hii nitaiandika yote.

Asubuhi niliamua kuzirudia zile kadi. Sikumwambia mtu. Elide alikuwa kilimani akichambua zabibu zilizopona. Nikalivuta kasha la Fiordalisa, lile la herufi ndogo, kutoka kwenye rafu yake ya chini. Herufi za risasi ni nzito, na mgongo wangu tangu siku ile ya kuchuma haujapona. Kasha likatoka, likainama, likaniponyoka.

Mtu asiye wa kazi hii hawezi kujua sauti hiyo. Maelfu ya herufi, alfabeti nzima ya baba, zilitawanyika sakafuni hadi chini ya mashine. Nilikaa chini. Nilikaa hapo sijui muda gani.

Mvua ilikuwa imeanza tena, kwa hiyo hawakuweza kuchambua, na ndiyo maana Buso alikuja. Alibisha kwenye mbao nilizopigilia mahali pa kioo, akaingia na kikapu cha zabibu. "Elide amesema uzile leo, kesho zitakuwa siki." Akaona. Akaweka kikapu, akavua koti lenye maji, akapiga magoti.

"Zinakwenda wapi?"

"Acha, Buso. Ni kazi ya wiki."

"Mimi sina kazi. Mungu amenipa likizo, hukuona?" Akaokota moja, akaigeuza kwenye mwanga. "Zinakwenda wapi?"

Nikamwonyesha: kila herufi ina kitundu chake. Akazitazama kwa muda mrefu, huku akiikunja shingo. Ndipo aliponiambia, bila kunitazama, "Jua kwamba sijui kusoma. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wanane na watoto kumi, akapeleka shule wale waliokuwa hawana nguvu."

"Basi utazitenganishaje?"

"Huko kilimani nina mizabibu ya aina saba, na kila mmoja naujua kwa jani lake. Hizi nazo si majani tu?"

Na kweli. Akaanza polepole, akiweka mafungu sakafuni. Vidole vile vinene vilizishika herufi kana kwamba ni vifaranga. Alinikosea mara chache tu: u na n, maana kwa mlazo n ukiigeuza ni u. Nikamwonyesha mfuo uliochongwa ubavuni mwa kila herufi. Mfuo ukikuelekea, herufi imesimama kwa miguu yake. "Aa," akasema, "kumbe zina kitovu." Hakukosea tena.

Akaanza kuuliza majina. Hii ni nani? Ni a. Na hii yenye mkia? Ni g. Na hii inayochungulia? Ni f, na nyingi zimevunjika vichwa kwa kuanguka. Tulipomaliza fungu lile tulipata tatu tu nzima.

"Ya Elide ni ipi?"

Ilikuwa kwenye kasha la herufi kubwa, ambalo halikuanguka. Nikamtolea E moja. Akaiweka kiganjani, kwenye mistari ya buluu, akaitazama hata nikaona haya kumtazama yeye.

"Ina mkia mzuri," akasema. "Kwenye zile kadi haina mkia."

Nikaichukua ile E, nikairudisha kwenye kasha lake.

"Zile kadi alizozileta," akaendelea, akiwa amerudi kwenye mafungu yake, "mimi sikujua zimesema nini. Niliona nyeusi tu. Nikamwuliza, zinasemaje? Akasema zimependeza sana. Akasema, kaka yangu amejitahidi."

Nilikwenda nyuma ya mashine kutafuta herufi zilizoingia huko. Nilizitafuta kwa muda. Niliporudi, Buso alikuwa amenimenyea zabibu, zimelala kwenye kipande cha gazeti, na alikuwa akiokota e ndogo kama mtu ambaye hajaona wala kusikia kitu.

3 Oktoba

Mvua. Buso kaja. Tumefika hadi m.

4 Oktoba

Mvua. Kaja tena. Amenikataza kumwambia Elide kuhusu masomo. "Atataka kunifundisha yeye," anasema, "nami nitakuwa mwanafunzi nyumbani mwangu." Tumemaliza kasha saa tisa alasiri. Tukala jibini. Tulipokuwa tunaagana nikamwita shemeji, ikatoka yenyewe. Akajifanya hakusikia, lakini alivaa kofia kinyume.

11 Oktoba

Siku nzima kadi moja. Majina mawili kwa Fiordalisa, ukubwa wa juu, kila jina mstari wake, na mkia wa E nikauachia ushuke kwenye nafasi tupu bila kuguswa na chochote. Maneno mengine yote kwa herufi wima nyembamba, madogo, kama wageni wanaosimama pembeni maarusi wapite. Mlazo ni kama asali. Ukiijaza kikombeni mtu hanywi. Maneno ya mwaliko nimeyabadili mara mbili yasije yakaubana ule mkia. Karatasi ya pamba, wino mdogo, na nikaisukuma mashine kwa mkono, polepole.

Nikampelekea Elide jikoni. Akafuta mikono, akavaa miwani. Akasoma. Kidole chake kilipita juu ya jina lake mpaka mwisho wa mkia, kikapita juu ya jina la Ottavio. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Gildo."

"Naam."

"Tarehe umekosea. Umeandika kumi Oktoba. Ilikuwa jana."

Nikaitazama. Miaka arobaini ya kazi! Akaanza kucheka, kile kicheko cha juu ya ngazi, hapa, jikoni mwetu, nami nikacheka mpaka nikakaa kwenye kiti. Akaja nyuma yangu, akaniwekea mkono kichwani kama mama alivyokuwa akitupima homa, akauacha hapo.

"Rudia," akasema. "Lakini hii naiweka mimi."

13 Oktoba

Kadi arobaini. Norma amebandika yake kwenye kioo cha mkahawa.

10 Novemba, Jumamosi

Wamefunga ndoa. Kesho ni Mtakatifu Martino, siku ambayo wakulima huhama mashamba, na barabarani mikokoteni yenye vitanda na kuku ilikuwa mingi; mkokoteni wetu haukuonekana wa ajabu, na sanduku la nguo la Elide juu yake. Kanisani Ottavio alitia sahihi kitabuni, yeye aliyekuwa akiweka msalaba. Padri aligeuza kitabu mara mbili, akaguna, akakifunga. Nilimzawadia shemeji mfuko wenye Fiordalisa zote zilizovunjika, pamoja na nzima moja moja za kuanzia a mpaka z. Elide akasema, "Risasi? Siku ya harusi?" Hakuambiwa kitu.

Nililia kwenye supu. Nilimwambia Norma ni pilipili. Hakuna anayetia pilipili kwenye supu ile.

12 Novemba

Nimepika ugali. Umeungua.

17 Novemba

Jumamosi. Nimezirudisha herufi mwenyewe. Imenichukua siku nzima, na nimegundua kwamba dada yangu kwa miaka thelathini alikuwa akifuta kila herufi kwa kitambaa kabla ya kuiweka. Hajawahi kuniambia. Nikazifuta.

24 Novemba

Ukungu. Sijatoka.

29 Novemba

Barua imekuja. Kutoka kilimani hadi hapa ni kilomita tatu, lakini ina stempu. Bahasha aliiandika karani wa posta. Ndani, karatasi moja ya daftari. Norma alikuwapo akiniletea kahawa, akachungulia begani kwangu. "Yesu na Maria, hiki ni Kituruki?"

Maandishi yalianzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi imepinduka uso, na zote zimeinama, lakini upande usio wake. Mikia yote ipo. Alizinakili moja moja kutoka kwenye risasi kama zilivyo, na risasi siku zote iko kinyume. Kwenye karatasi ndipo inapogeuka. Sikuwa nimekumbuka kumweleza hilo. Kila mtu mwingine bondeni angehitaji kioo. Mimi nimezisoma hivyo tangu nina miaka kumi na miwili.

Gildo njoo Jumapili. Elide anakukumbuka ila hasemi. Ottavio.

"Inasemaje?" Norma akauliza.

"Inasema nile huko Jumapili."

"Wewe umeisomaje?"

"Imeandikwa vizuri," nikamwambia.

2 Desemba, Jumapili

Nimekwenda. Bata mzinga, na mvinyo mchache wa mwaka huu, mkali, mzuri kuliko nilivyotarajia. Elide ananenepa. Alipokwenda kuchukua mkate, Ottavio akaniinamia juu ya meza, masikio mekundu.

"Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Yote?"

"Yote, shemeji. Mara tatu."

Akakaa wima, akajimiminia mvinyo, akanimiminia mimi. Elide alirudi akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akiwa na mkate kifuani.

"Ninyi wawili mna nini?"

"Hatuna kitu," Ottavio akasema. "Kata mkate. Kaka yako anapenda ganda."